Austin ya Mshamu na Baridi ya Hemedy

Gari la Mshamu Ngwele lilikuwa na sheria moja: bibi harusi akishaingia, vioo vinapandishwa na havishushwi mpaka mlangoni kwa bwana harusi. Hakuna mtu wa Kibiti aliyehitaji kuelezwa sababu. Bibi harusi haonekani njiani. Wapita njia wakimwona kabla ya mumewe, shangazi zake watasemwa mwaka mzima. Kwa hiyo vioo vilifungwa, mapazia ya lesi nyeupe yalivutwa, na ndani ya Austin ile ya mwaka 1963 mtoto wa watu aliiva taratibu kama ndizi iliyovundikwa.

Kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyelalamika. Joto lilihesabiwa kuwa sehemu ya harusi, kama moshi wa pilau. Mabibi harusi wa Kibiti, Bungu na Dimani, na wale walioletwa kwa boti kutoka Salale na kuteremkia Nyamisati, wote walipanda gari lile jeusi lenye pua ndefu. Baba yake Mshamu alilinunua kwa mfanyabiashara wa ufuta aliyekuwa akihama, naye Mshamu akalirithi. Yeye mwenyewe ni fundi umeme wa magari. Banda lake la mabati liko kando ya barabara ya kwenda Ikwiriri, na mpaka leo madereva wa mabasi hupenda kusubiri zamu kwake kuliko kwenda kwa fundi mwingine asiye na foleni.

Alikuwa mtu mpole, asiyetazama sahani ya mwenzake. Kisha binamu yake Hemedy akanunua Crown.

Hemedy ni mtoto wa mjomba wake Mshamu, na kwa watu wa huku binamu ni mtani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Ukikasirika umeshindwa, na kushindwa kwako kutasimuliwa kila penye watu watatu. Hemedy alikuwa amewahi kufanya kazi miaka minne katika banda la Mshamu kabla ya kwenda kujitegemea kwa biashara ya mpunga. Mpunga ukamkubali, akarudi na gari jeupe la Kijapani, refu, lenye viti laini na kiyoyozi kinachofanya kazi. Hakusema kwamba ni gari la harusi. Watu ndio walioanza kuliomba.

Siku ya kwanza Mshamu kuingia ndani ya Crown ile, alikuwa kazini. Hemedy aliileta bandani asubuhi moja kwa sababu feni ya kiyoyozi ilikuwa imekataa.

"Marehemu anaendeleaje?" Hemedy aliuliza, akiitazama Austin iliyoegeshwa kivulini.

"Marehemu ndiye aliyekubeba kwenda kuoa. Ulitapika kiti cha nyuma, nikifungua mlango bado nanusa."

"Nilitapika kwa joto, binamu. Wewe unabeba wachumba au unakausha uduvi?"

Madereva wawili waliokuwa wakisubiri walicheka, na Mshamu akacheka nao. Aliinama chini ya dashibodi, akakuta waya umelegea, akauchomea upya na kuufunga vizuri kuliko ulivyofungwa kiwandani. Mkono wake haukujua kufanya kazi mbaya, hata pale ambapo moyo ungefurahi. Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango ili ajaribu.

Baridi ilimpiga usoni, ikamshuka shingoni na kuingia ndani ya shati. Nje aliwaona wale madereva wakijipepea kwa vipande vya maboksi, na sauti zao hazikufika. Alikaa humo kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Alipotoka, jua lilimwangukia kama mzigo, na tangu saa ile kitu kikamkaa kifuani ambacho hakikuwa na njia ya kutokea. Angekuwa jirani, angenuna. Angekuwa mgeni, angemsengenya. Kwa mtani hakuna lolote kati ya hayo linaloruhusiwa. Ilimbidi acheke tu.

Mwezi uliofuata alimbeba bibi harusi aliyeitwa Zaitun. Msafara ulichelewa, matarumbeta yakanogewa mbele ya kila duka, na Zaitun alipoteremka wanja ulikuwa umemshuka hadi kidevuni. Picha zake zilizunguka kwenye simu za mji mzima kabla pilau haijapakuliwa. Hakuna aliyemlaumu Mshamu kwa maneno. Harusi tatu zilizofuata zilikwenda na Crown.

Akawa anaijua honi yake. Akiwa ameinama kwenye injini ya mtu, ikipita barabarani aliisikia kabla ya wengine, na vidole vyake vilisimama. Alijua siku ambazo Hemedy ameiosha. Alijua kwamba mabibi harusi huteremka humo na poda zao kamili, kwa kuwa mkewe Mwanaheri alikuwa akienda kwenye harusi hizo na kurudi akisimulia, mpaka siku moja akauona uso wa mumewe na kukatiza katikati ya sentensi. Sala ya alasiri, akisimama safu moja na Hemedy, alijikuta akiomba gesi ya kiyoyozi ivuje. Alitubu palepale, lakini kesho yake aliomba tena.

Wakati huo ndipo ilipofika harusi ya Warda.

Warda ni mtoto wa marehemu dada yake Mshamu, Mwanamina. Mwanamina alipokuwa akiumwa maradhi yaliyomwondoa, alimwambia kaka yake neno moja tu kuhusu harusi ya mwanawe: atoke na gari la nyumbani. Mshamu aliitikia. Tangu hapo alilitunza gari lile akiwa na siku hiyo moja kichwani. Kila alipobadilisha lesi za mapazia, alichagua kwa ajili ya Warda.

Siku kumi kabla ya harusi alikuja Mashavu, shangazi yake Warda kwa baba, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kumfunda na kumsindikiza. Alikaa kwenye benchi la banda, akakataa soda, na Mshamu akajua kuwa si jambo jema.

"Shemeji, nimetumwa, wala usinikasirikie mimi."

"Nani kakutuma?"

"Mwenye harusi. Mtoto anaogopa. Ameziona zile picha za Zaitun. Anasema anakuheshimu, lakini anaomba atoke na gari la Hemedy. Kuna baridi."

Mshamu aliendelea kufuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. "Hemedy amekubali?"

"Hemedy hajaulizwa. Tulisema tuanze na wewe."

"Basi asiulizwe. Mwambie Warda kwamba siku ya Ijumaa Austin itakuwa na baridi. Akiingia akakuta joto, ateremke apande Crown, nami nitamfungulia mlango kwa mkono wangu."

Mashavu aliitazama Austin, kisha akamtazama yeye. "Gari hili, shemeji? Gari hili hata redio yake inaimba kwa kukohoa."

"Gari hili hili."

Kazi yenyewe aliifanya kama mtu mwenye homa. Kutoka kwenye gari dogo lililopinduka na kuuzwa kwa vipande, alinunua kompresa, feni mbili na ile redieta nyembamba inayokaa mbele kupoza gesi. Mchomeleaji wa jirani akamtengenezea kikalio cha kompresa. Mshamu aling'oa nyaya za zamani zilizofunikwa kwa kitambaa, akapitisha nene mpya, akaweka fyuzi yake peke yake. Hakukosea hata kwenye lile jambo ambalo mafundi wengi hukosea. Magari ya siku hizi huwa na upande hasi wa betri uliofungwa kwenye bodi. Austin ile, kama Waingereza walivyoitengeneza, ina upande chanya kwenye bodi. Feni za kisasa ukizifunga humo kwa mazoea huzunguka kinyume. Yeye alizigeuza nyaya zake tangu mwanzo, akaona zinavuta upepo kama inavyotakiwa.

Kilichobaki ni dainamo. Hiki ndicho kifaa cha kizamani cha kuchaji betri, kabla ya oltaneta. Hutoa umeme kidogo, na injini inapounguruma polepole hakitoi karibu chochote. Mshamu alilijua hilo tangu utotoni. Alijua pia kwamba kufunga oltaneta kungemlazimu ageuze mfumo mzima wa gari uwe hasi kwenye bodi kama magari mengine, kazi ya siku moja kwa mtu kama yeye. Lakini alipofikiria oltaneta aliisikia sauti ya Hemedy ikisema kwamba marehemu amepandikizwa figo ya Toyota. Akaiacha dainamo.

Siku ya Jumatano alilipeleka gari Mbagala kujazwa gesi. Aliporudi, barabara ilikuwa wazi, injini inakwenda mbio, dainamo inatoa yote iliyokuwa nayo, na baridi ilitoka safi kiasi kwamba alipofika Bungu alivaa koti. Alipofika Kibiti hakwenda nyumbani. Alipita mbele ya ghala la mpunga la Hemedy, vioo juu, akageuza, akapita tena. Mara ya tatu Hemedy akatoka na kumsimamisha.

Mshamu alishusha kioo kidogo ili baridi imfikie mwenzake.

"Mtume," Hemedy alisema taratibu. Aliingiza mkono, akauacha mbele ya tundu la hewa. "Marehemu kafufuka. Na dainamo umebadilisha?"

Mshamu alimtazama machoni akaona anachotaka kukiona. Aliona kijicho. Aliona mtu anayetafuta kasoro ili alale usingizi.

"Nimebadilisha."

"Kwa sababu ile haiwezi kubeba feni mbili. Kama bado, ninayo oltaneta ndani, nzima kabisa, chukua."

"Nimekwambia nimebadilisha. Kuna jingine?"

Hemedy aliondoa mkono. "Hakuna, bosi. Nenda usije ukapata mafua."

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Mshamu alisimamisha Austin mbele ya nyumba ya Mashavu, amevaa kanzu na koti jeusi. Crown ilikuwa nyuma yake, maana Hemedy alipewa kazi ya kuwabeba bibi wanne wa Salale waliokuja kwa boti na wasioweza kutembea mbali. Nyumba ya bwana harusi, kijana aitwaye Sufiani, iko upande wa pili wa mji. Kwa gari ni dakika tano.

Warda alichelewa kutoka. Mpambaji alikuwa bado na kope. Mshamu, akitaka mpwawe aingie kwenye baridi iliyokwisha kukomaa, aliiacha injini ikiunguruma na kiyoyozi kikifanya kazi, akasimama pembeni. Taa ndogo nyekundu ya chaji iliwaka kwenye dashibodi. Hakuishtukia, kwa sababu katika gari lenye dainamo huwaka kila injini inapokwenda polepole. Alikuwa ameizoea miaka yote. Zilipita dakika arobaini. Kisha vigelegele vikapasuka, na Warda akatolewa amefunikwa kanga mbili kichwani, akaingizwa kiti cha nyuma pamoja na Mashavu. Vioo vikapanda, mapazia yakavutwa.

"Mjomba," Warda alisema chini ya kanga, "humu kama hospitali."

"Nimekufa," alisema Mashavu. "Nipeni kanga nyingine nijifunike."

Mshamu aliinua macho kwenye kioo cha ndani, akaitafuta Crown kupitia tundu la pazia. Kwa mara ya kwanza tangu gari lile jeupe liingie mjini, kifua chake kilikuwa chepesi. Alitamani Warda arudie maneno yale kwa sauti, na kioo kiwe wazi.

Msafara ukaanza. Mbele walitangulia wapiga matarumbeta, nyuma yao wanawake waliovaa sare ya kijani, wakicheza hatua mbili mbele na moja nyuma. Austin iliwafuata kwa mwendo wa kinyonga. Hivyo ndivyo bibi harusi anavyosindikizwa Kibiti, na Mshamu alikuwa amesindikiza mamia. Lakini gari lake alikuwa amelijaribu kwenye lami, kwa kasi, mbele ya macho ya Hemedy. Hata mara moja hakulijaribu kwa mwendo wa ngoma.

Walipokaribia sokoni sauti ya feni ilishuka. Alidhani ni masikio yake. Wapiga matarumbeta waligeuka wakaomba honi, kama desturi. Akabonyeza, honi ikatoa mkwaruzo mdogo wa koo. Hapo ndipo alipoelewa yote kwa pamoja, saa nzima ya taa nyekundu, feni zikiila betri. Alinyoosha mkono kuzima kiyoyozi, lakini kabla hajakifikia, injini ilitikisika mara mbili ikazimika.

Feni zikasimama. Joto halikusubiri. Lilianzia kwenye paa.

"Nini, shemeji?" aliuliza Mashavu.

"Kidogo tu."

"Mtoto anaanza kutoka jasho. Tumhamishie kwa Hemedy?"

Kumhamisha Warda pale kulikuwa na maana moja. Mlango ungefunguliwa katikati ya soko, siku ya Ijumaa, na Warda angetembezwa mbele ya wauza samaki hadi kwenye Crown. Watu wangemwona bibi harusi, na wangeona pia gari la mjomba wake limemshinda. Neno alilompa dada yake lingeishia hapo, kwenye maganda ya machungwa.

"Asitoke," alisema Mshamu. "Asishushe kioo."

Katika kioo cha pembeni alimwona Hemedy akiteremka. Alikuja akitembea polepole katika kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Mshamu alishika usukani. Kwa miezi mingi alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia Hemedy siku Crown ikimfia njiani. Yalikuwa maneno mazuri, ya kuchekesha, na aliyajua kwa mpangilio. Sasa alisubiri kuyasikia kutoka kwenye mdomo wa mwingine.

Hemedy alimpita bila kumtazama. Alikwenda mbele ya pua ya Austin, akalala chali barabarani, kwenye vumbi, na kunyoosha mikono.

"Gari haliendi," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa soko. "Mimi ni mtani wa mjomba wa bibi harusi. Nimeizima injini kwa mamlaka ya utani. Nataka haki yangu."

Wanawake walipiga kelele za furaha. Hii nayo ni desturi, mtani kuuzuia msafara mpaka apozwe, na walidhani wanaona jambo la kawaida. Walimzunguka wakimpepea, wakamtupia kanga, wakaanza kumwimbia nyimbo za kumwita mlafi. Matarumbeta yaligeuka na kuanza upya palepale.

"Nataka na kukagua," Hemedy aliendelea akiwa amelala. "Nimesikia gari hili halina injini, linasukumwa na majini. Afungue boneti nione. Na nyie dada zangu nifunikeni kwa kanga, siri za majini hazionwi na kila mtu."

Mshamu aliteremka, akafungua boneti. Wanawake walitanda kanga kuizunguka pua ya gari wakicheka, na nyuma ya kanga zile Hemedy alikuwa amekwisha kusimama.

"Ni dainamo," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Nakuja."

Alirudi Crown, akatoa betri yake, akaileta imefunikwa kwa koti. Mshamu alinyoosha mkono kumkumbusha kuhusu bodi, lakini Hemedy alikuwa amekwisha kufunga upande chanya kwenye bodi kwa vidole vyepesi, bila kuuliza, kama alivyofundishwa miaka kumi na mitano iliyopita katika banda lile la mabati. Hilo nalo lilimchoma Mshamu. Alitaka angalau akosee.

"Washa. Na baridi washa, betri ni mpya. Itakufikisha."

Injini ikaitika. Mashavu alitoa haki ya mtani kupitia ufa wa mlango, jogoo aliyefungwa miguu na kuwekwa chini ya kiti kwa desturi hiyo, na Hemedy akambeba begani akicheza huku mgongo wa kanzu yake ukiwa mwekundu kwa vumbi. Crown ilibaki kando ya soko bila betri. Wale bibi wanne wa Salale ilibidi wateremke watembee kipande kilichobaki, na mmoja wao, aliyeitwa Mwanawetu, alimshika Hemedy sikio.

"Mtu mzima unalala njiani, unatuacha tutembee kwa upumbavu wako. Mwenzako Mshamu ana akili, ona gari lake lilivyo na heshima."

"Kweli, bibi," Hemedy alisema. "Mimi sina akili."

Mshamu aliyasikia kupitia kioo kilichofungwa, akaendelea kuyafuata matarumbeta.

Warda aliteremka mlangoni kwa Sufiani uso mkavu, poda kamili, kila kope mahali pake. Hakuna aliyemwona njiani. Ndani ya kanga aliutafuta mkono wa mjomba wake akaubana, kisha akaingizwa ndani na vigelegele vikafunga mlango nyuma yake.

Ilibidi betri irudishwe kwenye Crown. Watu wakiwa bado wanakula, Mshamu na Hemedy waliichomoa, wakaishika kwa kamba, kila mmoja upande wake, wakaanza kurudi sokoni kwa miguu, wawili wenye kanzu. Yule jogoo walimwacha kwa Mashavu.

Walikwenda hatua chache.

"Nilikudanganya kuhusu dainamo," alisema Mshamu.

"Nilijua siku ile ile. Taa yako nyekundu iliwaka ulipopunguza mwendo. Nikasema labda atajirekebisha kabla ya Ijumaa."

"Ungeniambia."

"Ungesema nina kijicho."

Mshamu alibadilisha mkono. Betri ilikuwa nzito na kamba ilikata vidole. "Nakuonea wivu, Hemedy. Tangu siku uliyokuja na gari lile."

"Hilo linajulikana. Labda yule bibi wa Salale ndiye hajui, na ni kwa sababu haoni vizuri."

Mshamu alicheka, na mara hii kicheko kilitoka chenyewe. Lakini kile kitu kifuani hakikuondoka. Kilihama tu. Hakikuwa tena kwenye kiyoyozi wala viti laini. Alimtazama mwenzake, ule mgongo mchafu wa kanzu iliyokuwa nyeupe, na akatamani kwamba yeye ndiye aliyelala pale chini.

"Ingekuwa gari lako limekufia njiani," alisema, "mimi ningepiga honi nikupite."

"Najua," alisema Hemedy. "Inua upande wako, asidi inanimwagikia."

Mshamu akainua, wakaendelea.